Umaskini na Kisu cha Daktari: Kwa Nini Upasuaji wa Kifuko cha Nyongo Hauwi na Matokeo Sawa kwa Watu Wote

Utangulizi

Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu nyongo ina kazi gani mwilini, aghalabu atajibu upesi kwamba huyavunjavunja mafuta ya chakula ili yaweze kumeng'enywa. Jibu hilo ni sahihi. Lakini mwulize swali la pili: wagonjwa wawili wana mawe katika kifuko cha nyongo, wote wamepasuliwa na kutolewa kifuko hicho, mmoja amerudi nyumbani baada ya siku mbili, na mwingine amelazwa majuma matatu akiwa na kidonda kilichooza. Je, tofauti hiyo imetoka wapi? Yaelekea mwanafunzi atatafuta jibu ndani ya mwili peke yake: pengine mmoja alikuwa mzee, au damu yake ilikuwa dhaifu, au jiwe lake lilikuwa kubwa zaidi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu iko nje ya mwili. Iko katika umbali wa hospitali, katika fedha za nauli, katika bima, katika elimu, na katika nafasi aliyonayo mtu ndani ya jamii yake. Jambo hili halipaswi kuachiwa wanasiasa na wahubiri peke yao. Ni swali la sayansi, lina njia zake za kupimwa, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifuata hatua kwa hatua. Tutaanza na mwili wenyewe, kisha tutafuata safari ya mgonjwa, tutatazama mfano wa nchi ya Chile, na mwisho tutajifunza namna ya kusoma takwimu za hospitali bila kudanganyika.

1. Kifuko cha nyongo na mawe yake

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicholala chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo. Kifuko hiki huchukua kiasi cha mililita 30 hadi 50 tu, lakini huweza kuhifadhi kazi ya saa nyingi ya ini kwa sababu kuta zake hufyonza maji na kuiacha nyongo ikiwa nzito. Mtu anapokula chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, nayo hukifanya kifuko kijikunje na kuisukuma nyongo kupitia mrija hadi katika utumbo mwembamba.

Ndani ya nyongo mna chumvi za nyongo, lesithini, kolesteroli na bilirubini. Kolesteroli haiyeyuki katika maji. Hubebwa na chumvi za nyongo pamoja na lesithini. Ikiwa kolesteroli ni nyingi kupita kiasi cha wabebaji wake, huanza kuganda na kufanya chembechembe, na chembechembe hukua zikawa mawe. Hii ndiyo aina ya mawe iliyo ya kawaida zaidi katika nchi za Ulaya na Amerika. Aina ya pili hutokana na bilirubini, rangi inayobaki baada ya himoglobini ya chembe nyekundu za damu kuvunjwa. Penye ugonjwa unaovunja chembe nyekundu kwa wingi, kama ugonjwa wa selimundu, mawe ya aina hii huweza kutokea hata kwa mtoto.

Hapana budi tuseme wazi kwamba si kila mwenye mawe anahitaji kupasuliwa. Wengi huishi nayo bila kujua. Katika watu 100 wenye mawe yasiyo na dalili, ni mmoja hadi wanne hivi tu ambao huanza kuona dalili katika mwaka mmoja. Lakini dalili zikishaanza, ugonjwa huweza kupita katika hatua zifuatazo:

(a) Jiwe huziba shingo ya kifuko kwa muda, kisha huachia. Mgonjwa hupata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, mara nyingi baada ya kula, na baada ya saa chache hupoa.

(b) Jiwe hunasa lisitoke. Kifuko huvimba, homa hupanda, na maumivu hayaishi.

(c) Kifuko hujaa usaha, kuta zake hufa, na huweza kutoboka na kumwaga uchafu tumboni.

(d) Jiwe huteremka hadi katika mrija mkuu wa nyongo. Macho hugeuka manjano, vijidudu huweza kupanda hadi kwenye ini na kuingia katika damu, na kongosho huweza kuvimba.

Hatua hizi si lazima zifuatane kwa mpango huo, wala si kila mgonjwa hufika mwisho. Jambo la kushika ni hili: katika hatua ya (a) upasuaji ni kazi iliyopangwa, inayofanywa kwa utulivu juu ya mwili wenye nguvu. Katika hatua ya (c) na ya (d) ni kazi ya dharura, juu ya nyama zilizovimba na kushikana, ambamo hata mpasuaji hodari huweza kushindwa kuutambua mrija mmoja na mwingine.

2. Historia fupi ya upasuaji huu

Kifuko cha nyongo kilitolewa kwa mara ya kwanza kwa upasuaji uliopangwa tarehe 15 Julai 1882 mjini Berlin, na daktari Carl Langenbuch. Kwa muda wa karne moja iliyofuata, kazi hii ilifanywa kwa kulikata tumbo mkato mrefu. Mwaka 1985 Erich Mühe, mpasuaji wa mji wa Böblingen huko Ujerumani, alikitoa kifuko kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo. Na mwaka 1987 Philippe Mouret alifanya hivyo mjini Lyon, Ufaransa, akitumia kamera. Katika miaka michache njia hii ilienea katika nchi tajiri zote.

Faida ya matundu madogo kwa mgonjwa ni kubwa. Maumivu ni machache, kidonda ni kidogo, na mtu huweza kurudi kazini baada ya juma moja au mawili, ambapo mkato mrefu humweka nyumbani kwa majuma manne hadi sita. Kwa mtumishi anayelipwa mshahara hata akiwa mgonjwa, tofauti hiyo ni ya raha na usumbufu. Kwa mkulima wakati wa palizi, au kwa mchuuzi ambaye asipouza leo watoto hawali kesho, tofauti hiyo ni ya shibe na njaa. Kwa hiyo aliye maskini ndiye anayehitaji zaidi njia ya matundu madogo, naye ndiye anayeipata kwa nadra. Vyombo vyake ni ghali, huhitaji umeme usiokatika, gesi ya kaboni dayoksaidi, na mpasuaji aliyefundishwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyekuwa akiwatibu wachimba makaa ya mawe na jamaa zao huko Wales, alieleza kanuni ambayo imekuwa mashuhuri: upatikanaji wa matibabu mazuri huelekea kuwa kinyume cha mahitaji ya watu. Palipo na magonjwa mengi ndipo penye waganga wachache. Alisema kadhalika kwamba kanuni hii hufanya kazi kwa nguvu zaidi pale ambapo matibabu yameachwa yaendeshwe na nguvu za soko.

Hata hivyo kanuni hii si amri isiyoweza kutenguliwa. Nchini Mongolia, ambako magonjwa ya kifuko cha nyongo ni mengi, mwaka 2005 karibu upasuaji wote wa kifuko hicho ulikuwa bado wa mkato mrefu. Wapasuaji wa mikoani walifundishwa hatua kwa hatua, pamoja na wauguzi na watunza vyombo wao, na ilipofika mwaka 2013 zaidi ya nusu ya upasuaji huo ulifanywa kwa matundu madogo.

3. Njia tatu za kuchelewa

Umaskini hauna mikono ya kushika kisu. Basi huingiaje katika chumba cha upasuaji? Njia yake kuu ni wakati. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza vifo vya akina mama wajawazito, waligawanya uchelewaji katika sehemu tatu. Mgawanyo huo unafaa pia kwa ugonjwa tunaouzungumzia.

Uchelewaji wa kwanza ni wa kuamua. Maumivu ya hatua ya (a) huja na kuondoka. Mtu mwenye bima na daktari wake huenda kupimwa kwa sababu kwenda hakumgharimu kitu. Mtu asiye na akiba hupiga hesabu nyingine: siku moja ya kwenda hospitali ni siku moja isiyo na ujira. Maumivu yakipoa, hesabu hiyo humshauri angoje. Hununua dawa za vidonda vya tumbo dukani, au hupewa mizizi, na mwezi mwingine hupita.

Uchelewaji wa pili ni wa kufika. Zahanati ya kijiji haina kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, ambacho ndicho chombo kinachoonyesha mawe haya kwa urahisi bila maumivu wala mionzi. Mgonjwa huelekezwa hospitali ya wilaya, na kutoka huko ya mkoa. Kila hatua ina nauli yake, chakula chake, na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa.

Uchelewaji wa tatu ni wa kupata huduma baada ya kufika. Huenda ultrasaundi ipo lakini msomaji wake hayupo. Mpasuaji yupo lakini mtaalamu wa nusukaputi ameitwa kwingine. Chumba kipo lakini hakuna damu ya akiba. Au vyote vipo lakini mgonjwa anatakiwa kwanza atoe malipo ambayo jamaa zake watayapata baada ya kuuza mbuzi.

Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawana njia ya kupata upasuaji ulio salama kwa gharama wanayoimudu. Katika upasuaji milioni 313 uliokuwa ukifanywa kila mwaka, asilimia 6 tu ulifanywa katika nchi maskini kabisa, ingawa nchi hizo zina zaidi ya theluthi ya watu wote duniani. Tume hiyo ilikadiria pia kwamba kila mwaka watu milioni 33 hutumbukia katika matatizo makubwa ya fedha kwa sababu ya kulipia upasuaji na nusukaputi. Hivyo umaskini huleta matokeo mabaya ya upasuaji, na upasuaji nao huleta umaskini.

4. Je, kuchelewa kwenyewe kunadhuru?

Msomaji makini anaweza kupinga hapa. Anaweza kusema: "Maskini huchelewa, sawa, na maskini hupata madhara, sawa, lakini nani amethibitisha kwamba madhara hayo yameletwa na kuchelewa? Pengine ni lishe duni, au magonjwa mengine." Pingamizi hili ni la haki, na sayansi inalo jibu lake.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali ambazo nyingi zilikuwa za Ujerumani. Wagonjwa 618 wenye kifuko kilichovimba kwa ghafla waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipasuliwa ndani ya saa 24 tangu kufika hospitali. Kundi la pili lilipewa dawa za kuua vijidudu na kupasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Wote walipewa dawa ileile, na wote walikuwa katika hospitali zenye vifaa kamili. Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu, matajiri na maskini, wanene na wembamba, walitawanyika pande zote mbili. Kilichotofautiana ni wakati tu.

Madhara yalipatikana kwa asilimia 11.8 ya waliopasuliwa mapema, na kwa asilimia 34.4 ya waliocheleweshwa. Waliopasuliwa mapema walilazwa kwa wastani wa siku 5.4, na wengine siku 10.0. Gharama za hospitali pia zilikuwa ndogo zaidi kwa waliowahi. Vifo vilikuwa vichache mno katika makundi yote mawili, wala havikutofautiana.

Tuangalie vizuri jaribio hili linathibitisha nini. Halithibitishi kwamba umaskini unaua. Linathibitisha kwamba kuchelewa, hata kwa majuma machache tu, hata chini ya uangalizi wa madaktari na dawa, huzidisha madhara karibu mara tatu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mtu aliyelazwa katika hospitali ya Ujerumani, hatuna sababu ya kutumaini mema kwa mtu anayechelewa nyumbani bila dawa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Mfano wa Chile

Nchi ya Chile, katika Amerika ya Kusini, ina mawe ya nyongo kwa wingi mno, nayo imekuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi kuliko zote duniani vya saratani ya kifuko cha nyongo. Saratani hii aghalabu hutokea katika kifuko kilichokaa na mawe kwa miaka mingi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hasa wanawake wa Kimapuche, watu asilia wa kusini mwa nchi, ambao baadhi yao huishi katika mkoa wa Araucanía, mmojawapo wa mikoa iliyo maskini kabisa nchini humo.

Hapa pana fundisho juu ya urithi na jamii. Ni kweli kwamba Wamapuche wana maelekeo ya kurithi ya kupata mawe ya kolesteroli. Lakini urithi huleta mawe. Hauamui jiwe litakaa tumboni miaka mingapi kabla ya kutolewa. Hilo huamuliwa na hospitali, barabara na fedha. Watafiti wa Chile walioandika mwaka 1990 walionyesha kwamba idadi ya watu waliotolewa vifuko vya nyongo ilipopungua nchini humo, vifo vya saratani ya kifuko viliongezeka. Jeni za watu haziwezi kubadilika katika muda wa miaka kumi. Kilichobadilika ni uwezekano wa kupasuliwa kwa wakati.

Mwaka 2004 Chile ilipitisha sheria ya mpango uitwao AUGE, ulioanza kutekelezwa mwaka 2005. Sheria hii haikuishia kutamka kwamba kila raia ana haki ya matibabu. Kwa magonjwa yaliyoorodheshwa, ilitaja dhamana nne: kupata huduma, kuipata kwa wakati uliowekwa, kukingwa na gharama kubwa, na kupata huduma yenye ubora. Mwaka 2006 kutoa kifuko cha nyongo ili kuzuia saratani kuliingizwa katika orodha hiyo, kwa watu wenye dalili za mawe walio na umri wa miaka 35 hadi 49. Tangu ugonjwa uthibitishwe, upasuaji sharti ufanyike ndani ya siku 90. Sheria hiyo, tukiitazama kwa jicho la sayansi, imeshughulika na kile hasa tulichokwisha kukiona kuwa ndiyo njia ya madhara, yaani wakati.

Vifo vya saratani hii vimepungua nchini Chile katika miongo ya karibuni, ingawa haingekuwa haki kulipa AUGE sifa yote, kwani upasuaji wa matundu madogo pia umeenea na maisha yamebadilika. Tena mpaka wa umri umewaacha nje wengine: mwenye miaka 33 au 52 hana dhamana hiyo, hungoja katika foleni ndefu ya kawaida. Wanawake wenye elimu ndogo na watu wa kusini wameendelea kubeba mzigo mkubwa kuliko wengine. Sheria inaweza kuufupisha uchelewaji wa tatu, lakini ule wa kwanza na wa pili hukaa kijijini, mbali na ofisi za serikali.

6. Baada ya kisu

Upasuaji hauishi mpasuaji anapovua glavu. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 12,539 waliopasuliwa tumbo katika nchi 66. Katika nchi zenye maendeleo ya juu, vidonda vilivyopata vijidudu vilikuwa asilimia 9.4, katika nchi za kati, asilimia 14.0, na katika nchi za chini, asilimia 23.2. Mwaka huohuo ulichapishwa uchunguzi mwingine wa wagonjwa 11,422 katika nchi 25 za Afrika. Ulionyesha kwamba mgonjwa wa Afrika alikuwa na hatari ya kufa baada ya upasuaji mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa mengine machache.

Jambo kubwa katika uchunguzi huo wa pili ni wakati wa vifo. Karibu vyote havikutokea mezani. Vilitokea siku zilizofuata, wodini. Mgonjwa huanza kutokwa na damu ndani, au joto lake huanza kupanda usiku, na hakuna wa kuliona badiliko hilo mapema kwa sababu muuguzi mmoja anatunza vitanda vingi. Hivyo tunapohesabu wapasuaji tu, huku tukiwasahau wauguzi, wataalamu wa nusukaputi na maabara, tunahesabu nusu ya kazi.

7. Kusoma takwimu bila kudanganyika

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za kubuni, kwa ajili ya zoezi tu. Wilaya A ni ya watu wenye uwezo. Wilaya B ni ya maskini. Kila moja ina wagonjwa 100 waliotolewa kifuko cha nyongo. Tuseme wapasuaji wa pande zote mbili wana ustadi sawa kabisa: katika upasuaji wa kupangwa, madhara huwapata wagonjwa 10 kati ya 100, na katika upasuaji wa dharura, 30 kati ya 100.

Wilaya A: 90 wa kupangwa, madhara 9, 10 wa dharura, madhara 3. Jumla ya madhara ni 12.

Wilaya B: 20 wa kupangwa, madhara 2, 80 wa dharura, madhara 24. Jumla ya madhara ni 26.

Msomaji wa haraka ataona 12 na 26, na kusema wapasuaji wa Wilaya B hawafai. Amekosea, kwani tumekwisha kusema kwamba ustadi wao ni sawa. Msomaji wa pili, aliyesoma takwimu kidogo, atawatenga wagonjwa wa dharura na wa kupangwa, ataona kwamba katika kila fungu wilaya zote ni sawa, na kusema: "Basi umaskini hauhusiki, tatizo ni dharura tu." Huyu naye amekosea, na kosa lake ni baya zaidi kwa sababu lina sura ya kisayansi.

Ili tulielewe kosa hilo, tutofautishe vitu viwili. Kivuruga ni jambo la pembeni linaloambatana na sababu na tena linaathiri matokeo, ingawa halikuzaliwa na sababu hiyo. Kwa mfano, kama Wilaya B ingekuwa na wazee wengi kwa sababu za historia yake tu, umri ungekuwa kivuruga, na ingekuwa haki kuutenga. Kiungo ni hatua iliyo ndani ya njia yenyewe, kutoka sababu hadi matokeo. Dharura ni kiungo: umaskini huleta kuchelewa, kuchelewa huleta dharura, dharura huleta madhara. Anayekiondoa kiungo katika hesabu kisha akasema haoni mnyororo, amefanana na mtu anayetaka kujua kama mvua huleta mafuriko katika bonde la Msimbazi, akalinganisha siku zile tu ambazo maji ya mto yalikuwa na kina kimoja.

Hesabu hii inatupa pia faida ya vitendo. Kama Wilaya B ingepata mchanganyiko wa wagonjwa kama wa Wilaya A, madhara yake yangeshuka kutoka 26 hadi 12. Yaani madhara 14 yangeepukika bila kumwongezea mpasuaji yeyote ustadi wowote. Katika maisha ya kweli ustadi na vifaa navyo hutofautiana. Uchunguzi wa dunia uliochapishwa mwaka 2016 juu ya upasuaji wa dharura wa tumbo ulionyesha kwamba hata baada ya kuzitenga tofauti za wagonjwa, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa mara tatu zaidi katika nchi za maendeleo ya chini. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuwawahisha wagonjwa, na kuziimarisha hospitali. Moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

8. Mintarafu ya nchi yetu

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo huzaliwa watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Kwa hao, mawe ya bilirubini si ugonjwa wa uzeeni. Kanuni ya zamani ya vyuo vya udaktari, inayomtazamia mgonjwa wa mawe kuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini, huweza kumpoteza mganga anapoletewa kijana mwembamba wa miaka 16 mwenye maumivu chini ya mbavu. Tena maumivu ya selimundu yenyewe huweza kuwa tumboni, na macho yake huweza kuwa manjano hata pasipo jiwe. Hivyo ni rahisi kumtuliza kwa dawa na kumrudisha nyumbani. Kipimo cha ultrasaundi ndicho kinachotenganisha mambo hayo mawili.

Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mpango wa taifa wa huduma za upasuaji, uzazi na nusukaputi, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hatua hizi zinagusa uchelewaji wa tatu na sehemu ya ule wa kwanza. Uchelewaji unaobaki, wa kutojua na wa kuvumilia, una dawa yake shuleni.

Hitimisho

Tumeona kwamba jiwe la nyongo hufanyika kwa kanuni za kemia, lakini muda linaokaa tumboni huamuliwa na kanuni za jamii. Na kwamba muda huo ndio unaoamua upasuaji utakuwa mwepesi au wa hatari. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha mfumo wa chakula asiishie kwenye mchoro wa ini na mirija yake. Awaeleze wanafunzi kwamba maumivu makali chini ya mbavu za kulia yanayorudi baada ya kula yanahitaji kupimwa, na kwamba homa au macho ya manjano pamoja na maumivu hayo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Katika wanafunzi arobaini, yumkini mmoja ana mama au dada nyumbani ambaye amekuwa akiyavumilia.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa nini mtoto mwenye selimundu huweza kupata mawe ya nyongo ingawa kolesteroli yake si nyingi.

2. Wilaya C ina wagonjwa 50 wa kupangwa na 50 wa dharura. Tumia viwango vilivyotolewa katika sehemu ya 7 kupata jumla ya madhara. Kisha rudia hesabu ukichukulia kwamba, kwa uhaba wa wauguzi, madhara ya dharura katika wilaya hiyo ni 40 kati ya 100. Ongezeko hilo limetokana na uchelewaji au na hospitali?

3. Katika jaribio la mwaka 2013, kwa nini ilikuwa lazima kuwagawanya wagonjwa kwa bahati nasibu? Ingetokea nini kama wagonjwa wangejichagulia wenyewe?

4. Taja jambo moja katika wilaya yenu linaloweza kuwa kivuruga, na jingine linaloweza kuwa kiungo, kati ya umaskini na matokeo ya matibabu. Eleza sababu.

5. Kwa kufuata njia tatu za kuchelewa, andikeni kwa makundi safari ya mgonjwa wa kijijini kwenu hadi kufikia chumba cha upasuaji kilicho karibu. Onyesheni umbali, nauli na muda wa kila hatua, kisha jadilianeni ni hatua ipi ingeweza kufupishwa kwa gharama ndogo kuliko zote.